Gari Linatetemeka Lini, na Linatetemeka Wapi?

Haya ndiyo niliyowaambia madereva na wamiliki wa magari tulipokutana hapa Morogoro Jumamosi iliyopita. Wengi mlikuwa safarini, mkaniomba niyaandike. Nimeyaacha kama nilivyoyasema, pamoja na utani wake.

Mwenyekiti wetu, wazee wangu, shikamooni. Madereva wenzangu, poleni na barabara. Akina mama mlioacha biashara zenu mkaja kukaa kwenye viti hivi vya plastiki, asanteni sana. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Nimesalimia kote, asitokee mtu wa kusema fundi ana ubaguzi.

Nimepewa nusu saa niongelee magari yanayotetemeka. Naanza kwa kuwauliza, na mnyooshe mikono bila kuona haya. Nani hapa gari lake likifika tisini usukani unaanza kucheza? Naona. Kumi na kitu. Nani akikanyaga breki akiwa kwenye mwendo, usukani unatikisika kama una homa? Mikono mingine hiyo. Sasa swali la tatu, na hili ndilo linaloniuma: nani ameshabadilishiwa kifaa, akalipa pesa yake, akaondoka gereji, na mtetemo akaukuta palepale barabarani?

Haya. Karibu wote. Hata mwenyekiti.

Sasa nisikilizeni. Mtu anakuja gereji anasema, "Fundi, gari linatetemeka." Fundi hata hajainuka kwenye benchi anajibu, "Hiyo shokapu." Unabadilisha shokapu. Unarudi. "Basi itakuwa tairodi." Unabadilisha tairodi. Unarudi. "Labda rak ya usukani." Ndugu zangu, huyo hatengenezi gari, anacheza bahati nasibu, na tiketi unanunua wewe!

Mimi nina maswali mawili tu kabla sijagusa spana. Linatetemeka lini? Linatetemeka wapi? Na sitaki kujibiwa "muda wote tu, fundi". Hata likiwa limezimwa, umelala nyumbani? Lini, na wapi. Ukiwa huna majibu, rudi barabarani ukayatafute, halafu uje.

Niwape kisa cha gari moja, Toyota Noah. Masika ya mwaka juzi dereva mmoja alitoka msibani huko ndani ya Kilosa, njia ya udongo, mvua ya siku tatu. Kurudi lami, gari likaanza. Aliponifikia alikuwa ameshabadilisha shokapu mbili za mbele, tairodi endi zote mbili, na alaimenti amefanya mara mbili. Mara mbili! Nikamuuliza, lini? Akasema, "Likifika themanini na tano linaanza, likipita mia na kumi linatulia." Wapi? "Mikononi, kwenye usukani." Ukikanyaga breki linazidi? "Hapana, liko vilevile." Nikampandisha jeki, nikachungulia ndani ya rimu, upande ule ambao muosha magari hafiki. Tope la Kilosa lilikuwa limekaukia mle kama tofali, kipande cha ukubwa wa kiganja. Dawa yake ilikuwa bisibisi na ndoo ya maji, kisha nikampeleka kwenye mashine ya balansi, ile inayopima kama uzito wa tairi uko sawa pande zote, kuhakikisha. Pesa aliyokwisha kuimwaga ingemnunulia matairi mawili mapya na chenji ikabaki.

Tope tu linaweza kufanya hivyo? Linaweza, tena sana. Chukueni tairi la gari dogo, la rimu ya inchi 15. Likizunguka mara moja linakwenda kama mita mbili. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa gari linakwenda karibu mita 28 kwa sekunde. Gawanyeni wenyewe. Tairi linazunguka mara 14 kila sekunde! Sasa weka gramu 30 zilizozidi upande mmoja wa rimu, uzito wa vijiko viwili vikubwa vya maji. Gari likiwa limesimama, hazina neno. Kwenye 50 zinavuta kwa nguvu ya kilo moja na ushei. Kwenye 100 je? Mwendo umeongezeka mara mbili, lakini mvuto umeongezeka mara nne. Vile vijiko viwili sasa vinavuta kama mzigo wa kilo nne na nusu, kwenda juu, kurudi chini, mara 14 kwa sekunde. Na kile kipande cha Kilosa hakikuwa gramu 30.

Mzee mmoja pale nyuma anatikisa kichwa. Najua swali lako, mzee wangu: mbona likipita mia na kumi linatulia? Umewahi kumsukuma mjukuu kwenye bembea? Ukimsukuma kwa wakati wake, hata kwa kidole, bembea inapanda. Ukisukuma harakaharaka nje ya wakati, bembea inagoma. Springi na bushi za gari lako, ile mipira ya kwenye viungo vya chini, nazo zina mapigo yake. Kwenye tisini hivi, mzunguko wa tairi unalingana na mapigo hayo, usukani unacheza. Ukiongeza mwendo zaidi, wanaachana. Kwa hiyo wewe kijana unayesema "dawa yake ni kulikimbiza, likifika mia na ishirini linapona", halijapona. Tairi bado linavuta, tena linavuta zaidi. Wewe ndiye usiyesikia. Beringi inasikia.

Hapo tumejibu "lini". Na "wapi"? Mtetemo ukiwa mikononi, kwenye usukani, anza kutafuta mbele. Ukiwa makalioni, samahani akina mama, kwenye kiti na sakafu, anza kutafuta nyuma. Si sheria ya Musa, lakini mara nyingi inakupeleka mahali sahihi. Na kuna kipimo kisichohitaji mashine yoyote: chukua matairi ya mbele peleka nyuma, ya nyuma leta mbele, upande uleule, kama saizi zinafanana. Endesha tena. Kama mtetemo ulikuwa kwenye usukani na sasa umehamia kwenye kiti, umemkamata mwizi wako; yuko kwenye tairi au rimu. Kama haukuhama hata kidogo, acha kusumbua matairi, tafuta kwingine. Jeki, wili spana na nusu saa yako, basi.

Nisimame kidogo kwenye neno alaimenti, maana limekula pesa za watu. Alaimenti ni mwelekeo wa matairi. Ikiharibika, gari linavuta upande, usukani unakaa pembeni ukiwa kwenye njia iliyonyooka, tairi linalika upande mmoja. Balansi ni uzito wa tairi kuwa sawa pande zote likizunguka. Gari linalocheza usukani kwenye tisini halihitaji alaimenti kwanza, linahitaji balansi kwanza. Ukienda ukaomba alaimenti, utafanyiwa alaimenti, utalipa, utapewa na karatasi yenye rangi, na utarudi ukitetemeka vilevile.

Na vijana wa rimu za kung'aa, sijawasahau. Toyota IST ina habu, kile kitovu cha chuma kinachoingia kwenye tundu la rimu, ya milimita 54.1 katikati. Rimu nyingi za urembo zimetobolewa tundu kubwa, mfano milimita 73, ziweze kuingia magari ya kila aina. Pale katikati panatakiwa pete ya kujaza nafasi. Muuzaji hakukupa, au fundi tairi aliitupa akidhani ni takataka. Matokeo yake? Mashine ya balansi inashika rimu kwa lile tundu la katikati, inaonyesha sifuri sifuri, safi kabisa. Kwenye gari rimu inashikwa na nati peke yake, imekaa pembeni kwa nywele kadhaa, inatetemeka. Unarudi kugombana na mtu wa balansi, na mtu wa balansi hana kosa.

Lakini nisiwafanye mkadhani kila mtetemo wa tairi ni wa kuchekesha. Alikuja mwalimu mmoja wa shule ya msingi, jioni, anataka kwenda Gairo usiku ule. Akasema gari linatembea kama bata. Nikauliza lini. Akasema kuanzia thelathini, arobaini tu. Nikaacha chai yangu. Balansi mbaya haisumbui kwenye thelathini. Ukiona gari linayumba mwili mzima kwenye mwendo wa mjini, tairi lenyewe limeharibika umbo. Nikalizungusha kwa mkono, nikakuta uvimbe kwenye kashata za tairi, pale panapokanyaga barabara, kama jipu. Lilikuwa tairi la mtumba. Pale ubavuni penye herufi DOT, tarakimu nne za mwisho zilisomeka 2212, maana yake wiki ya 22 ya mwaka 2012. Waya za ndani zilikuwa zimeachana na mpira. Mwalimu alinikasirikia sana nilipokataa kumrudishia tairi lile. Akalala Morogoro. Nawauliza, lingepasukia wapi? Pale Msamvu kwenye foleni, au kwenye mia, gizani, akipishana na lori?

Sasa twende kwenye breki. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo maneno ya gereji yametupoteza zaidi.

Ukikanyaga breki kwenye mwendo, taratibu tu, usukani ukaanza kupiga kushoto kulia, na ukiachia breki unatulia, kosa mara nyingi liko kwenye diski za mbele, zile sahani za chuma zinazobanwa na pedi ukikanyaga breki. Wote mnajua msemo: "diski zimepinda kwa joto." Nami nilikuwa nasema hivyo, kwa miaka mingi, kwa sauti ya kujiamini. Shemeji yangu ndiye aliyenifundisha adabu.

Shemeji alikuwa anashuka Kitonga akitokea Iringa. Mnaijua Kitonga. Gari otomatiki, kaweka D, mguu kwenye breki tangu juu mpaka chini. Breki zinanuka. Kufika Ruaha Mbuyuni akasimama kununua vitunguu. Hakushuka. Akabaki kwenye usukani, mguu umekandamiza breki, anabishana bei dirishani dakika kumi. Mnaona kilichotokea? Diski ni ya moto sana, pedi imebanwa sehemu moja haitoki, mabaki ya pedi yanagandamana pale kama ugali kwenye sufuria. Kutoka hapo mpaka Mikumi, kila akigusa breki, usukani unapiga.

Akanunua diski mpya, pedi mpya. Raha ikarudi. Baada ya miezi mitatu, mtetemo uleule! Aliyemfungia akasema diski za siku hizi feki. Akanunua nyingine, za bei kubwa zaidi. Miezi mitatu tena, uleule. Ndipo akakumbuka kwamba ana shemeji fundi.

Nikafungua diski. Zilikuwa nzima, hakuna hata moja iliyopinda. Nikatazama uso wa habu, pale diski inapokaa. Kutu na uchafu, vimejaa kama magamba ya samaki. Jamaa alikuwa anapachika diski mpya juu ya kutu ya zamani! Nikafunga geji ya saa, ile yenye mshale, nikaizungusha diski polepole. Mshale ukacheza milimita 0.12. Karatasi ya daftari la mtoto ina unene wa karibu milimita 0.1. Magari mengi madogo yanaruhusu kama 0.05, nusu ya karatasi.

Sasa, kwa nini inachukua miezi mitatu? Diski iliyokaa upande haitetemeki siku ya kwanza. Inazunguka ikiyumba kidogo, na hata usipokanyaga breki, sehemu moja ya diski inagusa pedi kila mzunguko. Inagusa, inagusa, inagusa, kilomita elfu kadhaa. Sehemu ile inalika, inakuwa nyembamba kuliko nyingine. Siku unapokanyaga breki, pedi zinapita kwenye nene, nyembamba, nene, nyembamba, na kila hatua inasukuma usukani. Haikupinda, wazee wangu. Imelika bila usawa. Tofauti ya 0.02 ya milimita inatosha kuisikia mikononi. Jicho halioni, kidole hakioni. Kwa hiyo fundi anayekagua diski kwa kuipapasa halafu akatoa hukumu, mwambie akalete maikromita, kile kipimo cha unene.

Kwa shemeji nilisugua habu kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa, nikasafisha pini za kalipa, kile kifaa kinachobana pedi, na kuzipaka grisi yake, nikafunga, nikapima tena. Ikaja 0.03. Mpaka leo anapita Kitonga, na sasa anashuka kwa gia ndogo. Vitunguu ananunua akiwa ameshuka garini.

Kitu cha pili kinachoyumbisha diski ni nati za tairi. Nisaidieni kujibu: fundi wa pancha anakazaje nati? Anasimama juu ya wili spana, eeh? Anaruka na kuruka! Au anapiga ile bunduki ya upepo mpaka inalia. Toyota nyingi ndogo zinataka nati ikazwe niutonmita 103. Kwa lugha ya hapa, ni kama kuning'iniza mzigo wa kilo 21 kwenye mpini wa nusu mita. Kilo ishirini na moja. Mtu wa kilo sabini akisimama juu ya mpini huo amezidisha zaidi ya mara tatu. Nati moja imekazwa hivyo, ya pili nusu, ya tatu robo, habu na diski vinavutwa bila usawa. Kaza kwa mtindo wa nyota, kutoka nati moja kwenda ya upande wa pili, si kwa kuzunguka duara, na kwa awamu mbili au tatu. Na ukitoka kwa fundi, ukishatembea kama kilomita 50 hadi 100, simama uzikague tena.

Hilo la kukagua tena nalisema kwa uchungu. Nikiwa kijana, fundi msaidizi, nilirudisha tairi la pikapu ya mteja, nikazungushia nati kwa vidole, nikaitwa pembeni kupokea simu. Niliporudi mteja hayupo, ameshalipa kwa bosi, ameondoka. Alirudi baada ya dakika ishirini, kwa miguu. Alikuwa amesikia mlio, halafu mtetemo ambao haukuwepo asubuhi, akasimama. Nati mbili zilikuwa zimeshadondoka. Hakunipiga. Alinitazama tu. Nikiliona lile jicho mpaka leo nakaza upya. Sikieni basi: mtetemo ulioanza ghafla, hasa baada ya tairi kufunguliwa, haupelekwi gereji kesho. Unasimama hapohapo ulipo.

Na breki za nyuma? Ukikanyaga, usukani umetulia lakini kiti kinatikisika na pedali inakupandisha na kukushusha mguu, tazama nyuma, dramu, yale makopo ya chuma ya breki za nyuma, haziko duara. Kuna kipimo: uwanjani, hakuna mtu, mwendo wa thelathini, vuta hendibreki polepole huku umebonyeza kitufe usiiache ikajifunga. Ukisikia ule mtetemo, dramu za nyuma ndizo. Ila gari lenye diski nyuma mara nyingi hendibreki yake ina kidramu chake cha pekee, kwa hiyo hapo kipimo hiki hakikuambii kitu. Na kipimo hiki si cha barabarani, tafadhali. Na ile pedali kupigapiga mguu unapokanyaga breki ya ghafla kwenye mchanga au lami yenye maji, hiyo ABS, mfumo unaozuia matairi yasijifunge, inafanya kazi yake. Usiachie. Endelea kukanyaga.

Yapo yanayokuja ukikanyaga mafuta tu. Unapanda mlima, gari linatikisika, ukiachia mafuta linatulia: tazama joint za ndani za drive shafti, ile mitaimbo inayozungusha matairi. Kwa Hiace, Coaster na magari ya mzigo, tazama propela, ule mtaimbo mrefu unaopeleka nguvu nyuma, pamoja na krosi zake na beringi ya katikati. Hiyo inazunguka kasi kuliko tairi mara tatu au nne, kwa hiyo mtetemo wake ni wa harakaharaka, unauma masikioni. Na linalotetemeka likiwa limesimama kwenye foleni, gia iko D, hilo ni jambo la injini na mauntini zake, ile mipira inayoishikilia. Matairi hayahusiki, hata yakiwa mabovu.

Na lile linalotetemeka kidogo bila breki, ukikanyaga breki linazidi? Bushi za wishboni, ule mkono wa chuma unaoshika tairi, au boljointi, kiungo chake. Zikilegea hazianzishi mtetemo mara nyingi, ila zinaukuza. Gramu kumi ambazo gari zima lingezimeza, gari lenye bushi zilizokwisha linazitangaza kama kengele. Ndiyo maana wakati mwingine umebadilisha bushi ukapata nafuu, ukadhani umemaliza.

Naona mwenyekiti anatazama saa, na harufu ya pilau imeshafika hapa mbele. Basi twendeni nje, pale chini ya mwarobaini. Nimekuja na jeki, stendi, geji ya saa na ile spana inayopima ukazaji; kila mmoja aishike, asikie kilo ishirini na moja ni ngumu kiasi gani mkononi. Nataka gari moja la kufungulia. Mwenyekiti, wewe ulinyoosha mkono mara tatu. Leta funguo. Tukiwa tunatembea kwenda pale, niambie kwanza: linaanza lini?